Seli Nilizoziamsha

Nilipowaacha wiki iliyopita, meza ya mwenzetu Sekela ilikuwa imeungua, pazia lake limeungua, na mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Sanduku la umeme lililofanya hayo niliunda mie, kwa mikono hii hii ninayoandikia.

Wengi mmenitumia ujumbe wa matusi. Nimeusoma wote. Yule mama wa Mbagala aliyesema mtu kama mie achomekwe kwenye soketi, nimemwelewa, ila namwomba asome ya leo kwanza. Huenda akaona soketi ni huruma.

Kwa aliyeingia leo: naitwa Matar. Nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, nimeachiwa na marehemu baba, na linanilisha. Lakini simenti haijawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kompyuta. Tuko kama kumi na tano wenye ugonjwa huo, tuna grupu letu la simu linaitwa Bisibisi, na kila Jumapili baada ya alasiri tunakutana barazani kwa Mzee Nikodemu. Mzee alikuwa fundi mitambo ya simu mpaka alipostaafu. Tunaonyeshana tulichonunua na tulichotengeneza, tunasifiana, tunachekana, tunakunywa kahawa.

Ukileta kitu kipya pale, unataja bei ya kweli na unakifungua mbele ya watu. Kahawa haimiminwi mpaka mfuniko utoke na kila mtu achungulie ndani.

Halafu kuna lile jambo la mkono. Ukiunguza kitu cha mwenzio, unasema, "Mkono wangu." Ukishatamka hayo, yamekwisha. Hakuna wa kukuuliza zaidi, hakuna wa kukucheka. Mzee Nikodemu ndiye aliyeleta desturi hiyo, kwa sababu anasema fundi anayeogopa kuchekwa huficha kosa, na kosa lililofichwa ndilo linaloua watu.

Alikuwa akinisema mie bila kujua.

Mie niliunda masanduku saba ya umeme. Ukikatika, unachomeka laptopu yako na kifaa cha intaneti, kazi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Maboksi yenyewe alichonga Polikarpo, seremala wa Keko, mtu wa Masasi, mpole mpaka unamwonea huruma. Aliingia Bisibisi kwa kuleta kompyuta ya wanawe itengenezwe, akabaki. Mbao zake ni mninga, na juu ya kila mfuniko alichonga majani ya mkorosho. Siku niliyoleta sanduku la kwanza, watu walipiga makofi. Nililigandisha kwa gundi, na kwa uzuri wake hakuna aliyenilazimisha kulifungua. Ndiyo siku pekee kahawa ilimiminwa mfuniko ukiwa mahali pake.

Na ndani kulikuwa na nini? Nitawaambia, maana ndiyo maungamo yenyewe.

Betri ya laptopu ina seli za duara, nene kidogo kuliko kidole gumba. Betri ikifa, si zote zinakufa. Nilikuwa nazikusanya betri chakavu, nazipasua, zilizo nzima nazitia kitakoni tone la rangi ya kucha ya kijani. Zile zilizolala kabisa, mita inasoma sifuri, chaja inazikataa, nilizigusisha waya wa betri ya gari sekunde chache mpaka zikashtuka na kupokea chaji. Sie tunaita kuamsha. Hizo nilizitia tone jekundu.

Seli iliyoamshwa hulazwa mwezi mzima, kisha inapimwa tena. Ikiwa umeme wake umevuja, unaitupa. Haya anayajua kila mtu Bisibisi, na mie nayajua kuliko wengi. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, watu walikuwa wameshaomba masanduku yao, na za kijani ziliniishia. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Sifa nazo ni kama sukari, msomaji, ukionja unaongeza kijiko.

Nikachanganya nyekundu na kijani. Kwenye masanduku yapi, sikuandika popote.

Sasa tuingie Jumapili yenyewe.

Hija ndiye aliyetangulia. Alileta kibodi inayowaka rangi saba, akataja bei, na siku nyingine tungemkalia kooni mpaka magharibi. Hakuna aliyecheka. Macho yalikuwa mlangoni, kwa Sekela, aliyeingia amebeba beseni la plastiki kwa mkono wa kushoto.

Sekela ni mtoto wa Kinyakyusa, hutengeneza bodi za kompyuta kwa hadubini, na ulimi wake ni mkali kama kisu cha buchani. Aliliweka beseni mezani. Ndani yake mlikuwa na sanduku, au niseme mkaa uliokuwa sanduku. Akasema hicho ndicho kilichoingia kwake wiki hii, na kwamba bei yake ni huu mkono.

Akaanza kulifungua. Alikataa kusaidiwa. Kila kipande cha mfuniko kilichobanduka nilikihesabu.

Mzee Nikodemu akavaa miwani, akachungulia, akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia, taratibu, kama mtu anayemwuliza mwanawe.

"Matar. Seli hizi ulinunua mpya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Maneno mawili tu: mkono wangu. Yangetoka, yangekwisha, kahawa ingemiminwa, na kesho yake ningeyakusanya masanduku yote sita yaliyobaki. Nami nilimtazama mzee yule anayeniita mwanangu tangu baba afe.

"Mpya, mzee."

Ulimi hauna mfupa. Nikaongeza kwamba na risiti ipo dukani, ambayo haikuwepo.

Sekela alikuwa ameinua seli moja iliyoungua. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka lote. Akaigeuza akatazama kitako, akaisugua kwa kucha, akanionyesha. Palikuwa na doa, dogo, limegandia kwenye chuma.

"Siku hizi seli mpya zinapakwa rangi ya kucha?"

Nilisikia birika likichemka kwenye jiko la mkaa pale pembeni. Nilifungua mdomo, na wallahi sijui hata leo kama ulikuwa unafunguka kuungama au kuongeza uongo wa tatu, kwa sababu kabla sijatoa sauti mtu mwingine alisimama.

Polikarpo.

Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alisema anaomba radhi, hakulala tangu aliposikia habari za moto. Akaeleza kwamba vanishi aliyoizoea ilimwishia, akanunua nyingine ya kupima, imechanganywa tina nyingi mno, ile ya kuyeyushia rangi, na hakuiacha ikakauka vizuri. Halafu boksi lenyewe aliliziba kote bila tundu la kupumulia. Alikuwa anafikiri joto la ndani limekutana na ile tina.

"Mkono wangu," akasema.

Ngojeni niwaambie jambo ambalo hakulisema. Polikarpo aliniuliza, wakati anaanza kuchonga, kama masanduku yatobolewe matundu. Mie ndiye niliyemkataza. Nilimwambia matundu yataharibu uzuri. Mtu huyo alisimama mbele ya watu kumi na tano akanistiri, na mie nikakaa kimya nikastirika.

Mzee Nikodemu akasema amekiri, yamekwisha. Desturi ni desturi. Kahawa ikamiminwa. Polikarpo akaahidi kwamba atayakusanya masanduku yote sita mwenyewe, nyumba kwa nyumba, ayapeleke karakana yake ya Keko, atatoa vanishi, atatoboa matundu, na hatamrudishia mtu kitu kibovu.

Sekela hakunywa kahawa. Aliifunga ile seli ndani ya karatasi laini, akaitia mkobani huku ananitazama.

Nyumbani, Khulud mke wangu alinipokea na chupa zake mbili za rangi ya kucha mkononi. Ya kijani ilikuwa nusu. Nyekundu ilikuwa tupu. Aliniuliza kwa upole tu, "Baba Salsabil, mie sina mkono wa kupaka rangi kiasi hiki, imekwendaje?" Nikamweleza. Nilidhani kumweleza mke wangu ni nusu ya kuungama, na kwamba nusu ile ingenitosha.

Haikumtosha yeye.

"Polikarpo amekubebea mzigo wako," alisema, "na wewe umekaa ukamtazama anavyotoka jasho. Mpigie sasa hivi, mbele yangu."

Nikamwambia nina njia bora zaidi. Masanduku yanakwenda kukusanywa yote Keko, sivyo? Basi mie nitanunua seli mpya, za kweli, nitakwenda Ijumaa kwa kisingizio cha kumsaidia, nitabadilisha moja moja, zile za zamani nitaziondoa. Hakuna atakayeungua, hakuna atakayeaibika. Nikajiona nina akili sana. Khulud akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda kulala chumba cha mwanetu Salsabil.

Jumatatu nilinunua seli Kariakoo. Safari hii na risiti. Nikalizima sauti grupu la Bisibisi, maana kila dakika mtu alikuwa anamtania Polikarpo habari za vanishi, utani wa kirafiki tu, na kila utani ulinichoma mie.

Jumatano jioni Polikarpo alinipigia. Alikuwa na furaha. Yote sita yameshafika Keko, alisema, la mwisho amelifuata mwenyewe Kigamboni. Nikamwambia vizuri sana kaka, nitakuja Ijumaa tushirikiane. Akasema nisijisumbue, nina duka, yeye ameshaanza kupiga msasa.

Palikuwa na neno moja la kumwambia pale: usiyachomeke. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilijua ataniuliza kwa nini. Ukishamwambia mtu asichomeke sanduku la umeme, lazima umwambie kuna nini ndani yake. Basi nikalimeza. Nikamtakia usiku mwema.

Alhamisi, yaani juzi kabla sijaketi kuandika haya, nilikuwa dukani nampimia mteja nondo. Simu iliita mara tatu, sikushika, mikono ilikuwa na kutu. Mteja alipoondoka nikaangalia. Zote tatu zilikuwa za Sekela. Ilikuwa saa saba kasoro mchana.

Sikumpigia. Niliogopa ile seli iliyo mkobani mwake. Nikafungua grupu kwanza, nione kama ameshaniumbua.

Hakuniumbua. Kulikuwa na picha, imetumwa na Polikarpo saa tatu asubuhi.

Masanduku yangu sita yamepangwa sakafuni, karakana ya Keko, yamesuguliwa mpaka mbao zinang'aa, kila moja limetobolewa matundu mazuri ya duara. Yote yamechomekwa kwenye waya mmoja mrefu. Chini yake maranda, yale ya randa, yamejaa kama godoro. Nyuma, makopo mawili ya tina, na mguu wa cherehani. Polikarpo ameandika: Ndugu zangu vanishi yote nimetoa. Tangu jana usiku nimeyachomeka yote pamoja, nayajaza mpaka juu, nione kwa macho yangu. Sirudishi sanduku la mtu bila kulijaribu.

Watu wametuma makofi. Mzee Nikodemu ametuma dua. Hija ametuma picha ya ile kibodi yake inayowaka.

Chini kabisa Sekela alikuwa ameandika mara mbili, swali lile lile: namba tano inasoma ngapi sasa?

Hakujibiwa.

Nikaivuta picha kwa vidole. Kila mfuniko una namba yake na kimita kidogo kinachoonyesha chaji. Matano yalikuwa yamekaribiana, kama yanavyotakiwa. Namba tano ilikuwa chini, mbali na wenzake, na Polikarpo mwenyewe alikuwa amesema yote yalichomekwa pamoja usiku. Fundi wa betri haelezwi mara mbili hapo. Umeme unaingia, kwenye mita hauonekani. Hauendi mbinguni. Kuna seli ndani inaula na kuugeuza joto.

Na hiyo ilikuwa saa tatu. Sasa ni saa saba.

Nilimpigia Polikarpo. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikakaa juu ya mfuko wa simenti. Kutoka Tegeta mpaka Keko ni kuvuka jiji zima, na ni mchana, na Barabara ya Bagamoyo mnaijua. Nikakumbuka namba ya mkewe, Anastasia, fundi cherehani, aliyewahi kunitumia vipimo vya meza. Nikapiga.

Iliita mara mbili, ikapokelewa. Alhamdulillahi, nikasema moyoni. Lakini iliyosikika ilikuwa sauti ya mwanamume.

Polikarpo mwenyewe. Aliniita braza, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikamkatiza. Nilimwambia yale masanduku ayachomoe, sasa hivi, asiulize.

Hakushtuka. Alinieleza polepole, kama mtu anayemtuliza mwenzake, kwamba nisiwe na hofu, vanishi yote ameikwangua, matundu ametoboa manne kila upande, na jana usiku aliyagusa yote kwa kiganja. Yalikuwa baridi, isipokuwa moja lilikuwa na uvuguvugu kidogo, akaona ni kawaida.

"Shida ilikuwa ni mkono wangu mie, braza," akasema. "Nimeshaurekebisha."

Mteja aliingia dukani akauliza misumari ya bati. Nilimwinulia mkono asubiri. Nilifumba macho. Nilimwona Mzee Nikodemu na miwani yake, nikamwona baba yangu marehemu kwenye kiti chake cha dukani, nikaona jina letu lote la Tegeta likienda na maji. Liende.

"Polikarpo. Mkono wangu. Si vanishi. Ni seli. Zilikuwa zimekufa, nikaziamsha, sikuzilaza. Nilidanganya mbele ya mzee, na wewe ukanibebea. Yachomoe masanduku yote, nakuomba."

Desturi inasema ukishatamka hivyo hakuna wa kukuuliza zaidi, na Polikarpo, mtu yule, hakuniuliza kitu. Nilimsikia akipumua. Nyuma yake nilisikia upepo, na watu wanapiga mnada wa samaki.

Samaki, Keko?

Nikamwuliza yuko wapi. Akasema yuko Kunduchi. Ameleta vitanda vya nyumba ya wageni, ndiyo kwanza wanashusha. Alichukua simu ya mkewe kwa sababu yake iliishiwa chaji. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba, ya mtu anayehesabu hatua.

Nikamwambia basi apige kwa jirani, fundi yeyote wa karakana ya pembeni, avunje mlango ikibidi. Akasema namba zote za Keko zimo kwenye ile simu yake.

"Nayo iko wapi?"

"Nimeiacha inachaji. Kwenye namba tano."

Nilikuwa nimeshasimama, natafuta ufunguo wa pikipiki kwenye droo. Nikamwuliza la mwisho, huku nikijua, maana ule mguu wa cherehani nilikuwa nimeuona kwenye picha. Nikamwuliza shemeji Anastasia yuko wapi.

"Yuko ndani ya karakana, anashona vitambaa vya makochi," Polikarpo akasema. "Nilimwambia akae karibu nayo, asibanduke mpaka nirudi."